Picha ya Kichwa cha Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiberiti alikuwa na kazi tatu. Alifagia kibaraza, akaondoa turubai lililofunika cherehani ya babu yake, kisha akajaza uzi kwenye bobini na kuutunga kwenye sindano. Kazi hiyo ya mwisho haikuwa yake zamani. Babu, baba mzazi wa mama yake, alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na alizoea kutunga uzi mwenyewe huku akipiga soga na wateja, hata bila kuangalia vizuri. Sasa mikono yake ilitetemeka. Akishika uzi, ncha ilikwenda kulia, ikaenda kushoto, na tundu la sindano ikalikosa.

"Leo tundu limehamia kwa jirani," Babu alisema asubuhi moja, akijicheka.

Kiberiti hakucheka. Aliuchukua uzi, akaulowesha kwa ulimi, akautunga mara moja, kisha akachukua mkoba wake wa shule. Kiberiti halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama yake alimbandika jina hilo alipokuwa na miaka minne, kwa sababu ukimgusa kidogo tu anawaka. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na bado aliwaka vilevile.

Na siku hizo alikuwa na sababu. Miezi minane ilikuwa imepita tangu mikono ya Babu ianze kutikisika akiwa amekaa tu. Baadaye miguu ikawa mizito. Alitembea kwa hatua fupifupi akiburuza ndara, na akigeuka upesi aliyumba. Uso wake, ambao zamani ulicheka kabla ya mdomo, ukawa mgumu. Mtu mwenye huruma angeuliza, "Mzee, unaumwa?" Lakini mtaa ule ulikuwa na watu wenye majibu kabla ya maswali.

Wa kwanza wao alikuwa jirani, mama muuza mkaa. Watoto walimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Asubuhi hiyo, Babu aliposhuka ngazi za kibaraza akiyumba, Redio alisimama katikati ya magunia yake na kupaza sauti ili mtaa mzima usikie.

"Jamani, jamani! Jua halijachomoza vizuri, mzee wa watu kashalewa!"

Babu hakuwahi kuweka pombe mdomoni maisha yake yote. Hata dawa ya kikohozi aliinusa kwanza. Lakini uvumi hauombi ushahidi, unaomba masikio tu, na masikio yalikuwa mengi.

"Babu yangu hanywi!" Kiberiti alifoka kutoka kibarazani. "Umemwona na chupa? Umemwona wapi?"

"We mtoto, usinipandishie sauti. Mtu asiyelewa anatembea hivyo?"

"Anaumwa!"

"Anaumwa nini?" Redio aliuliza, mikono kiunoni.

Kiberiti hakuwa na jibu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Babu alimshika bega kwa mkono wake unaotetemeka. "Mwache, mjukuu wangu. Maneno makali hayavunji mfupa. Nenda shule, utachelewa."

Mfupa hayakuvunja, ni kweli, lakini yalitembea mpaka shuleni. Saa nne asubuhi mwalimu mkuu alimwita Kiberiti ofisini. Juu ya meza palikuwa na mashati matatu ya sare. Kwa miaka ishirini Babu ndiye aliyeshona sare zote za shule ile, na hakuna mzazi aliyewahi kurudisha hata kifungo. Sasa shati la kwanza lilikuwa na kola iliyopinda. La pili mfuko wake ulikaa upande. La tatu lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Naona unavyoyatazama," mwalimu mkuu alisema. "Wazazi wamelalamika. Tena wanasema maneno mengine, nadhani umeyasikia."

"Ni uongo, mwalimu! Wote ni waongo!"

"Kiberiti, shusha sauti. Mimi sikukuita kukutukania babu yako. Namheshimu. Lakini kamati ya wazazi inakutana wiki ya mwisho ya muhula. Isipopata maelezo, kazi ya sare itapewa fundi mwingine, na watakaosema ni pombe watakuwa wameshinda. Mwambie mama yako ampeleke hospitali. Mniletee barua inayosema mzee anaumwa nini."

Kiberiti alirudi darasani. Alijua maana ya maneno yale. Sare ndizo zilizoifanya familia iishi, lakini kwa Babu zilikuwa zaidi ya chakula. Kila alipoona watoto mia nne wamejipanga mstarini, alisema, "Ile ni kazi yangu inatembea." Kunyang'anywa kazi hiyo kwa jina la ulevi kungekuwa kumvua nguo hadharani.

Mama alifanya kazi ya kuoka mikate, na siku ya mapumziko ilipofika alimpeleka Babu zahanati. Zahanati ikawatuma hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kiberiti alikwenda nao, maana kwa mikono ile Babu alimtegemea kuandika. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Alimwambia Babu afungue na kufunga vidole, anyooshe mikono, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Kisha akavuta kiti karibu naye.

"Mzee, kutetemeka namna hii kuna vyanzo vingi. Kuna ugonjwa unaoua polepole seli fulani, ndani kabisa ya ubongo. Seli hizo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, na bila hiyo mwili unapata tabu kutembea na kushika vitu. Lakini yapo mambo mengine yanayotetemesha mikono huku seli hizo zikiwa nzima. Kwa nje yanafanana. Nataka kuona ndani."

"Mtanipasua kichwa?" Babu aliuliza.

"Hatupasui hata unywele. Tutakuchoma sindano ya mkononi yenye dawa maalumu. Dawa hiyo ina mionzi kidogo. Inakwenda na damu mpaka kwenye ubongo, inajishikiza kwenye ncha za seli za dopamini, kama ziko hai. Mashine inaiona mionzi ikitoka, inatuchorea picha. Wewe ni fundi. Kabla hujakata kitambaa unapiga chaki ili uone pa kupita mkasi. Hii ndiyo chaki yetu."

Babu alielewa hapo hapo. "Na hiyo chaki yenu inafutika?"

"Inafutika. Nguvu yake inapungua kila saa, na sehemu yake inatoka kwa mkojo. Baada ya siku chache haipo."

"Isije ikanifanya niwake gizani."

"Ukiwaka utupigie simu, mzee. Umeme ukikatika tutakuhitaji."

Wote walicheka, hata Kiberiti. Kisha daktari akawapa fomu, akaacha utani. "Jazeni hii nyumbani kwa utulivu. Sehemu ya dawa ndiyo muhimu kuliko zote. Andikeni kila dawa anayotumia: ya hospitali, ya dukani, ya mizizi, hata ya kupaka. Dawa nyingine zinavuruga picha, na nyingine zinatuvuruga sisi tunaosoma picha."

Jumamosi mchana, Kiberiti alikaa kibarazani na fomu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Babu alikuwa upande wa pili akimwambia la kuandika. Jina, umri, kazi. Kisha wakafika kwenye dawa.

"Andika ya presha," Babu alisema. "Na vile vidonge vyangu vya kizunguzungu."

Kalamu ya Kiberiti ilisimama. Hapa inafaa kusema jambo ambalo yeye hakuwahi kumwambia mtu. Miezi kumi na minne kabla ya hapo, Babu alipatwa na kizunguzungu. Daktari wa zahanati alimwandikia vidonge vidogo vyeupe, vya wiki mbili tu. Vilipokwisha, Babu alimtuma Kiberiti duka la dawa. "Uliza kama niendelee navyo au niache," alimwagiza. Muuzaji alikitazama kipakiti kitupu, akasema, "Hivi haviliwi muda mrefu, hasa na mzee. Mwambie arudi kwa daktari, alete karatasi mpya." Siku hiyo wenzake Kiberiti walikuwa uwanjani wakimsubiri kwa mpira wa pete. Aliwaza kurudi nyumbani, kisha zahanati, kisha foleni ya zahanati. Akasema, "Daktari ameshasema aendelee." Muuzaji alitazama foleni iliyokuwa nyuma ya mtoto, akatoa vidonge. Nyumbani Babu aliuliza wamesemaje, na Kiberiti akajibu, "Wamesema uendelee." Akakimbilia uwanjani. Tangu hapo alinunua kipakiti kila mwezi, wala muuzaji hakuuliza tena.

Sasa alikuwa anaitazama ile nafasi kwenye fomu. Akiandika vidonge vile, daktari atauliza nani alisema viendelee. Mama atakwenda kumuuliza muuzaji. Muuzaji atasema, "Huyu hapa ndiye aliyesema." Kiberiti alijiambia kwamba kizunguzungu ni cha kichwa na kutetemeka ni kwa mikono, kwa hiyo moja halihusu jingine. Akaandika dawa ya presha, akapiga mstari chini yake.

"Umeandika zote?" Babu aliuliza.

"Zote, Babu."

Babu aliweka dole gumba lake kwenye wino na kuligandamiza mahali pa sahihi, bila kusoma, kwa sababu aliyeandika alikuwa mjukuu wake.

Siku ya picha walifika hospitali saa mbili asubuhi. Babu alikuwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe zamani, na alikuwa anaburuza miguu kuliko siku zote kwa sababu ya wasiwasi. Mlinzi wa getini alimtazama kutoka juu mpaka chini, akanyoosha mkono kuwazuia.

"Mzee, rudi nyumbani ukalale. Hapa si kilabu."

"Nini?" Kiberiti alisema.

"Ana miadi ya saa tatu," Mama alieleza, akitoa barua kwenye pochi. "Ni mgonjwa."

"Walevi wote wana barua," mlinzi alijibu, wala hakuipokea. "Mkalisheni pale pembeni, pombe ikimtoka mtaingia."

Hebu fikiria. Geti la hospitali, mahali ambapo mtu anayeyumba anatakiwa kupewa kiti, na mlinzi anamfukuza kwa sababu anayumba. Babu aliinamisha kichwa. Kiberiti alimwona akikandamiza mikono yote miwili mapajani ili isitetemeke mbele ya watu, na machozi ya hasira yakamjaa.

"Huna haya!" alimfokea mlinzi. "Umemnusa? Msogelee umnuse! Huna ushahidi, una mdomo tu!"

"Kiberiti!" Mama alimvuta.

Kelele zile zilimtoa nje mtaalamu wa picha, mwanamume mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. "Mgonjwa wangu wa saa tatu yuko wapi? Dawa yake imetengenezwa kwa jina lake, haiwezi kupewa mtu mwingine wala kuwekwa mpaka wiki ijayo. Kila saa inapungua nguvu." Alipoelewa kilichotokea, alimgeukia mlinzi. "Anatembea hivi kwa sababu anaumwa. Ukitaka waingie wanaotembea vizuri tu, hospitali tumeifungua ya nini?" Mlinzi aliondoa mkono wake bila kusema pole.

Ndani, Babu alipewa kwanza matone ya kulinda tezi ya shingoni dhidi ya mionzi. Baada ya saa moja mtaalamu alileta bomba la sindano ndani ya kasha zito la chuma, akachoma mkononi, ikawa imekwisha. "Sasa tunasubiri saa nne mpaka dawa ifike inakokwenda," alisema. "Mzee, kunywa maji mengi na uende haja ndogo mara kwa mara. Wewe binti, leo usimkalie babu yako karibu sana, kaa benchi la pili."

Babu alipokuwa chooni, mtaalamu alirudi na fomu mkononi. "Nahakikisha tu. Anatumia dawa ya presha peke yake? Hakuna nyingine?"

"Hakuna," Mama alijibu. Mama aliamini kilichoandikwa, kwani vidonge alivinunua Kiberiti na Babu alivimeza mchana, wakati yeye akiwa kazini. Kiberiti alitazama vidole vya miguu yake. Angeweza kusema. Neno moja tu. Lakini alikaa kimya, na mtaalamu akapiga alama ya vema kwenye karatasi.

Alasiri, kupitia dirisha la kioo, Kiberiti alimwona Babu amelala chali. Kichwa kilifungwa kwa mkanda laini ili kisicheze, na sahani mbili kubwa za mashine zilizunguka polepole karibu na masikio yake. Nusu saa nzima kichwa kilitulia. Mikono chini ya blanketi haikutulia hata dakika moja.

Jumanne iliyofuata waliitwa kusikia majibu. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili wote waone. Kwenye giza la picha ya kichwa cha Babu palikuwa na alama mbili zinazong'aa, moja kila upande.

"Zinafanana na nini?" daktari alimuuliza Kiberiti.

"Koma. Koma mbili zinazotazamana."

"Vizuri. Ule ugonjwa niliousema ukiwapo, mikia ya koma hupotea, zinabaki nukta mbili. Mzee, koma zako zina mikia yote. Seli zako ziko hai."

"Mungu ni mkubwa!" Mama alisema, akafuta macho kwa khanga.

Furaha ilidumu muda mfupi sana. "Sasa, daktari," Mama aliuliza, "kwenye barua ya shule utaandika nini?"

"Nitaandika nilichoona. Picha ni ya kawaida."

"Ya kawaida? Si watasema hospitali nayo imethibitisha hana ugonjwa, ni pombe tu?"

"Haiwezekani!" Kiberiti aliruka kutoka kwenye kiti. "Mikono inatetemeka kila mtu anaiona! Mashine yenu ni mbovu! Nyote mnataka babu yangu aitwe mlevi!"

"Keti," daktari alisema, na Kiberiti akaketi. "Mashine si mbovu, na mimi siwezi kuandika nisichokijua. Kuna kitu kingine kinacholeta hali hii hii kwa wazee, nacho ni dawa. Kuna dawa zinazozuia dopamini isifanye kazi, ingawa seli zenyewe ni nzima. Picha inakuwa safi na mikono inatetemeka. Ningeiona dawa ya namna hiyo kwenye fomu, ningekuwa na jibu leo. Lakini hapa kuna ya presha tu, na hiyo haina kosa."

Babu aligeuka polepole. "Na vile vya kizunguzungu?"

"Vipi vya kizunguzungu?" daktari aliuliza upesi.

"Vidonge vyeupe. Namwagiza mjukuu wangu kila mwezi. Si tuliviandika?" Alimtazama Kiberiti. "Kiberiti, si uliviandika?"

Kiberiti aliona njia mbili, na ile rahisi alikuwa ameshaizoea. Angeweza kusema alisahau. Lakini aliitazama mikono ya babu yake, akakumbuka jinsi alivyoikandamiza mapajani pale getini, na uongo ukakataa kutoka.

"Sikuviandika," alisema, na kilio kikamtoka. "Niliogopa. Muuzaji alisema uache, Babu. Alisema urudi kwa daktari. Mimi nikamwambia daktari amesema uendelee, kwa sababu nilikuwa nataka kwenda kucheza. Na wewe nikakwambia wamesema uendelee."

"Tangu lini?" Mama alinong'ona.

"Tangu mwaka jana. Miezi kumi na minne."

Daktari aliweka kalamu chini. "Miezi kumi na minne! Vidonge vya wiki mbili!" Alikuwa amekasirika waziwazi. "Na mtu mzima, aliyesomea kazi hiyo, akasimama dukani akampa mtoto bila karatasi! Huyo nitaongea naye mwenyewe, na ofisi inayosimamia maduka ya dawa itajua."

Babu hakukasirika kwa kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Miezi minane wananiita mlevi," alisema. "Kila aliyenisema, wewe ulikuwa wa kwanza kumfokea. Mimi nikajivuna, nikasema mjukuu wangu ananipigania. Kumbe jibu lilikuwa mdomoni mwako."

Kiberiti alitamani ardhi ipasuke. Hasira yote aliyokuwa akiwatupia Redio, wazazi na mlinzi ilirudi ikamkalia yeye mwenyewe, na hakuwa na pa kuipeleka.

"Na mimi nina kosa langu," Babu aliongeza. "Nilimtuma mtoto aulize la afya yangu, miguu yangu ikiwepo."

Daktari aliwaeleza kwamba vidonge hivyo viachwe kuanzia siku hiyo, chini ya uangalizi wake, na ile ya presha iendelee kama kawaida. "Mtu asiache wala asiendelee na dawa kwa kujiamulia," alisema. "Mikono haitapona kesho, mzee. Itachukua wiki, pengine miezi. Lakini nina matumaini makubwa." Kisha akaandika barua ndefu, akaitia muhuri.

"Barua hii utaipeleka wewe," Babu alimwambia Kiberiti njiani. "Na utaisema kwa mdomo wako, mpaka mwisho wake."

Kamati ilikutana Ijumaa. Kiberiti alisimama mbele ya wazazi tisa, na mmoja wao alikuwa Redio, kwa kuwa mwanawe alisoma pale. Babu alikaa karibu na mlango. Kiberiti alisoma barua, kisha akaikunja na kusema yaliyobaki: duka la dawa, uwanja, fomu. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili alianza tena.

Mzazi mmoja alikohoa. Redio alijikunja kitini. "Haya, na mimi nilisema tu nilichosikia," alisema.

"Ulisikia kwa nani?" mwalimu mkuu alimuuliza.

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona amezimika.

"Hakuna uliyemsikia," mwalimu mkuu aliendelea, na sasa yeye ndiye aliyewaka. "Ulianza wewe, na sisi wengine tulipokea kama wajinga. Mzee kashona mashati ya watoto wetu miaka ishirini, hakuna aliyekwenda kumuuliza, 'Unaumwaje?' Mtoto huyu amekosa sana, lakini amesimama hapa akakiri. Nani mwingine atasimama?"

Walisimama wanne. Redio alichelewa, lakini alisimama. Babu mwenyewe ndiye aliyeshauri la kufanya: sare za muhula ujao zishonwe na fundi mwenzake wa mtaa wa pili, na yeye azikague moja moja kabla hazijagawiwa. Mikono ikitulia, kazi irudi. Kamati ilikubali bila kupiga kura.

Mama alimpeleka Kiberiti duka la dawa akaseme ukweli pale pia. Muuzaji aliyekuwa ameshaonywa aliwasikiliza akiwa ameinama. Baada ya wiki sita Babu alikunywa chai bila kumwaga kwenye sahani. Katika mwezi wa nne tangu aviache vidonge alishona shati zima la kola iliyonyooka, na kabla mwaka haujaisha meza yake ilijaa tena vitambaa vya sare.

Siku moja Redio alikuja kibarazani na kitambaa, akitaka gauni. Kiberiti alisimama mbele yake kama mlango. "Babu, huyu? Huyu aliyekuita mlevi? Asishonewe!"

"Kiberiti, njoo hapa," Babu alisema, akasimamisha cherehani. "Redio alisema jambo asilolijua. Ni vibaya sana, na nimeshamwambia usoni. Wewe ulinyamazia jambo ulilolijua. Kati yenu, nani alichelewesha kupona kwangu?"

Kiberiti aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Nilikufukuza?"

"Hapana, Babu."

"Hasira yako usiitupe, mjukuu wangu, uonevu unahitaji watu wa kuukasirikia. Lakini kabla hujamfokea mwongo mwingine, kajitazame wewe mwenyewe. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Uongo wako ulikuwa wa dakika moja, mimi nimeulipia kwa miezi kumi na minne. Haya, mpime mteja."

Kiberiti alichukua futi ya kupimia. Moyo wake ulikuwa bado unafoka, lakini alimsogelea Redio.

"Shikamoo, mama," alisema kwa shida. "Inua mikono nikupime kiuno."